Mizani na gunia katika mkono mmoja: Somo juu ya kiongozi mfanyabiashara

Mazungumzo yetu juu ya viongozi, iwe barazani, kwenye daladala au baada ya swala, huishia mara nyingi kwenye neno moja tu: wizi. Fulani kaiba, fulani hakuiba. Akitokea mtu akasema kwamba hakuna ushahidi wa wizi, basi mjadala unafungwa na kila mmoja anashika njia yake. Ndugu msomaji, somo la leo lina lengo la kuonesha kuwa swali la wizi, pamoja na uzito wake, linakuja mwisho. Kabla ya kufika huko, mafundisho ya Uislamu yanatutaka tuulize swali jingine, ambalo hata mtu asiyesoma sheria anaweza kulijibu: Je, mali hii ingemfikia mtu huyu kama asingekuwa na cheo?

Wataalamu wa utawala wanaiita hali tunayoizungumzia mgongano wa maslahi. Maana yake ni kwamba mtu mmoja anabeba vitu viwili vinavyovutana. Upande mmoja amekabidhiwa na umma kazi ya kuamua: nani apewe zabuni, nani apate kibali, bei iwe kiasi gani, mgodi uuzwe kwa nani. Upande wa pili ana duka, kampuni, lori au hisa ambazo zitapata faida au hasara kutokana na uamuzi ule ule. Mtu huyo huenda bado hajaiba hata senti tano. Lakini ameshika mizani kwa mkono ule ule ulioshika gunia, na mnunuzi aliyesimama mbele yake hana namna ya kujua kama uzito anaosomewa ni wa kweli.

TUANZIE MWAZYE

Wasomaji wengi wa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar huenda hawajapata kulisikia jina la Mwazye. Ni kata iliyoko katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa. Zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Sumbawanga Vijijini, na sasa iko katika wilaya ya Kalambo yenye makao yake makuu Matai. Huku watu wanaishi kwa jembe: mahindi, maharage, ulezi. Mpaka wa Zambia hauko mbali. Nimeichagua Mwazye kwa sababu suala la viongozi kufanya biashara huzungumzwa kana kwamba ni jambo la Ikulu, la Bungeni na la mahoteli makubwa, wakati gharama yake inalipwa na mkulima anayesimama na magunia yake kumi akisubiri mnunuzi.

Tuchukue mifano mitatu. Ni mifano ya kufundishia tu na haimlengi mtu yeyote, ila mazingira yake ni ya kweli.

Mfano wa kwanza ni wa vocha. Kuanzia msimu wa 2008/2009 hadi 2013/2014 serikali iliendesha mpango mkubwa wa ruzuku ya pembejeo kwa njia ya vocha, na Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyohusika. Vocha ilimpunguzia mkulima kiasi cha nusu ya bei ya mbolea na mbegu kwa ajili ya ekari moja. Kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyopendekeza majina ya wanaostahili. Wakala mwenye duka la pembejeo alizipokea vocha hizo kutoka kwa wakulima, kisha akaenda kulipwa benki. Sasa tuseme mjumbe wa kamati ndiye huyo huyo mwenye duka, au duka ni la mkewe. Atapendekeza nani? Yule mjane anayehitaji mbolea kweli, au yule atakayekubali kuweka saini kwenye vocha, apewe noti chache na kuiacha mbolea dukani?

Mfano wa pili ni wa ununuzi wa mahindi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulianza mwaka 2008 na una kanda yake Sumbawanga. Wakala hutangaza bei, huweka kiasi utakachonunua, na hufungua vituo. Tuseme ofisa mmoja wa umma anajua mapema ni lini kituo kitafunguliwa na kwa bei gani, na wakati huo huo ana lori na vijana wanaozunguka vijijini na fedha taslimu. Mkulima mwenye mtoto anayedaiwa ada hawezi kusubiri tangazo. Atauza leo, kwa bei ya leo, tena kwa lumbesa. Baada ya wiki mbili mahindi yale yale yatapokelewa kituoni kwa bei ya serikali, na jina litakaloandikwa kwenye stakabadhi halitakuwa la mkulima.

Mfano wa tatu ni wa kibali. Mara kadhaa serikali imezuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, kama ilivyofanya Juni 2017, kisha zuio likaja kuondolewa. Katika sehemu iliyo karibu na mpaka, zuio la namna hiyo huporomosha bei siku hiyo hiyo. Tuseme anayesimamia kizuizi, au anayependekeza nani apewe kibali, ndiye mwenye ghala na magari. Kila siku ambayo zuio linadumu ni siku yake ya kununua kwa bei ya chini, na siku likiondolewa yeye ndiye wa kwanza kupakia.

Angalia vizuri mifano hii mitatu. Katika yote hakuna shilingi iliyochotwa kutoka hazina. Mkaguzi wa hesabu akija atakuta vitabu viko sawa, stakabadhi zipo, saini zipo. Pamoja na hayo mkulima wa Mwazye amedhulumiwa, na aliyemdhulumu anaweza kuapa kwa jina la Mungu kwamba hajawahi kuiba mali ya umma. Hapa ndipo penye tatizo. Dhulma hii imejificha mahali ambapo neno wizi haliwezi kufika.

MAFUNZO YA MTUME NA MAKHALIFA

Uislamu ulilishughulikia jambo hili tangu dola ya Madina ilipokuwa changa. Tunasoma katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Abu Humayd as-Saidi (r.a.), kisa cha mtu wa kabila la Azd aliyejulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya. Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka ya Bani Sulaym. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili, akasema kuwa fungu hili ni lenu na hili jingine nimepewa mimi zawadi. Mtume alipanda mimbari na kulizungumza jambo hilo mbele ya watu wote. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au kwa mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko.

Tutafakari hapa. Mtume hakumtuhumu Ibn al-Lutbiyya kwa kuficha zaka. Mtu yule aliileta zaka yote na akatamka wazi alichopewa. Kwa lugha ya leo tungesema alitoa tamko la mali bila ya kuombwa. Pamoja na ukweli wake huo, alikemewa, kwa sababu chanzo cha zawadi kilikuwa cheo na wala hakikuwa yeye. Kwa hiyo kutangaza ulichopata hakutoshi kukihalalisha.

Baada ya Mtume kufariki, Abu Bakr as-Siddiq (r.a.) alichaguliwa kuwa Khalifa. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Inasimuliwa kuwa siku iliyofuata alitoka na vitambaa vyake begani akielekea sokoni kama kawaida yake. Akakutana na Umar na Abu Ubayda (r.a.), wakamuuliza anakwenda wapi hali ameshabeba mambo ya Waislamu. Akajibu kuwa ana watoto wa kulisha. Wakakubaliana apangiwe posho kutoka Baitul Mal, aache soko. Naye mwenyewe alieleza baadaye, kama alivyopokea Bibi Aisha (r.a.), kwamba biashara yake ilikuwa inatosha kabisa kuilisha familia yake, ila sasa ameshughulishwa na mambo ya umma na familia yake italishwa na umma. Karibu na kufa kwake aliagiza vilivyobaki mikononi mwake kutokana na uongozi virudishwe kwa Khalifa atakayemfuata.

Nani miongoni mwa Masahaba angeweza kumshuku Abu Bakr kwa kupunja mizani? Hakuna. Walimtoa sokoni wakiwa wanamwamini. Hili ni jambo kubwa kulielewa, kwa sababu sisi tumezoea kuwa masharti huwekewa mtu asiyeaminika, na kwamba kumwekea masharti mtu mwema ni kumvunjia heshima. Masahaba walimwekea masharti mbora wao.

Zama za Umar ibn al-Khattab (r.a.) ndizo zenye mafunzo mengi zaidi. Imam Malik ameeleza katika Muwatta kisa cha watoto wawili wa Umar, Abdullah na Ubaydullah, waliokwenda Iraq na jeshi. Wakati wa kurudi walipita kwa gavana wa Basra, Abu Musa al-Ash'ari (r.a.). Alitaka kuwafanyia wema. Alikuwa na fedha za umma za kupeleka Madina, akawakopesha: wanunue bidhaa za Iraq, wakifika Madina wauze, wakabidhi mtaji kwa Khalifa na faida ibaki kwao. Wakafanya hivyo na wakapata faida. Kwa hesabu ya kawaida hakuna aliyepata hasara, kwani fedha za umma zilifika salama na vijana wakapata riziki.

Umar hakuuliza kama fedha zimetimia. Aliuliza kama Abu Musa aliwakopesha wanajeshi wote kama alivyowakopesha wao. Wakasema hapana. Basi akawaambia kuwa wamepewa kwa kuwa ni watoto wa Amirul Muuminin, na akawataka walete mtaji pamoja na faida. Abdullah alinyamaza. Ubaydullah akajitetea kuwa mali ingepotea wao ndio wangeilipa. Hatimaye mmoja wa waliohudhuria akashauri ifanywe kuwa biashara ya ubia, na Umar akachukua mtaji na nusu ya faida kwa ajili ya umma.

Kisa kingine kinachofanana na hicho ni cha ngamia wa Abdullah ibn Umar. Aliwanunua kwa fedha zake mwenyewe na akawapeleka kwenye malisho ya umma ambako watu wengine pia walilisha. Walipouzwa sokoni Umar aliwaona wamenenepa kuliko wengine, akauliza ni wa nani. Alipoambiwa ni wa mwanawe, alieleza kilichotokea bila hata kuwahoji wachungaji: watu walikuwa wakiambizana walisheni ngamia wa mtoto wa Khalifa, wanywesheni ngamia wa mtoto wa Khalifa. Akaamuru Abdullah achukue mtaji wake na ziada iingie Baitul Mal.

Mafunzo tunayoyapata katika kisa hiki ni mapana. Abdullah hakumwagiza mtu yeyote ampendelee. Jina la baba yake lilifanya kazi peke yake. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Mheshimiwa hana haja ya kupiga simu halmashauri ili kampuni yake ipewe zabuni. Inatosha mjumbe wa bodi ya zabuni ajue kampuni ni ya nani. Ndiyo maana utetezi wa kwamba "sikumwomba mtu" hauna uzito katika mizani ya Umar.

Tena Umar alikuwa akiandika mali ya magavana wake wanapoteuliwa, na aliyeonekana mali yake imekua kupita kiasi alitakiwa kuigawa nusu kwa nusu na Baitul Mal. Inasimuliwa kuwa mmoja wao alijitetea kwamba alitoka na fedha zake akafanyia biashara, na Umar akamjibu kuwa hawakumtuma kwenda kufanya biashara.

IBN KHALDUN NA HESABU YA UCHUMI

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya uchamungu, na uchumi una sheria zake. Basi tumsikilize Ibn Khaldun (1332-1406), aliyekuwa kadhi, waziri na mwanahistoria. Katika Muqaddima yake ametenga sura nzima kueleza kuwa biashara inayofanywa na mtawala huwadhuru raia na huharibu mapato ya dola. Hoja yake, kwa ufupi, ni hii. Wafanyabiashara wa kawaida hushindana wakiwa na mitaji inayokaribiana. Akiingia mtawala, hakuna wa kushindana naye. Atanunua kwa bei anayotaka, maana muuzaji anamwogopa. Atauza kwa bei anayotaka, maana ana uwezo wa kuwalazimisha. Wengine wataona jasho lao halina faida, watakata tamaa na kuacha kulima na kuuza. Wakiacha, kodi inapungua. Mwisho faida aliyoipata mtawala dukani inakuwa ndogo kuliko kodi aliyoipoteza.

Turudi Mwazye na hoja hiyo mkononi. Mkulima aliyeuza kwa bei ya kutupa mwaka huu, mwakani atalima ekari chache. Kijana aliyekuwa na mtaji mdogo wa kununua maharage na kupeleka Tunduma ataacha akiona foleni ina wenyewe. Ushuru wa mazao ambao halmashauri inautegemea utapungua, zahanati itakosa dawa, na mheshimiwa atasimama jukwaani kuwalaumu wananchi kuwa ni wavivu.

TULIKOTOKA NA TULIPO

Tanzania haikuwa gizani katika jambo hili. Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa Februari 5, liliweka miiko ya uongozi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, wala kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, wala kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Azimio lilifafanua pia kuwa kiongozi ni pamoja na mke au mume wake, kwani waliotunga walijua mahali mali inapofichwa.

Mtu anaweza kuupinga Ujamaa kwa hoja nyingi, na Waislamu tuna hoja zetu, maana dini yetu inaheshimu mali ya mtu binafsi na inaihimiza biashara. Lakini miiko ya viongozi na kutaifisha mashamba ni mambo mawili tofauti. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti yale: hisa ruksa, ukurugenzi ruksa, nyumba za kupangisha ruksa, mishahara zaidi ya mmoja ruksa. Wakati huo huo nchi ilikuwa inaingia katika ubinafsishaji wa mashirika ya umma. Yaani siku ambazo mali ya umma ilikuwa inapelekwa sokoni, ndizo siku ambazo wauzaji waliruhusiwa kuwa wanunuzi.

Mwaka 1995 ilitungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13, na Sekretarieti ya Maadili imetajwa katika Ibara ya 132 ya Katiba. Sheria inamtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake anapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka, na anapotoka. Ni hatua njema, na inafanana na daftari la Umar. Lakini haikumkataza kiongozi kufanya biashara, na mwananchi anayetaka kulisoma daftari la matamko amewekewa masharti. Umar aliandika mali ya magavana kisha akaigawa. Sisi tumeandika kisha tukafungia kabatini.

Matokeo yake tumeyaona. Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, uliokuwa mkoani Mbeya wakati ule, ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa China. Katika ubinafsishaji, asilimia 70 ya hisa zake zilikwenda kwa kampuni ya Tanpower Resources. Ilipofika mwaka 2008 jambo hilo lilizungumzwa kwa ukali Bungeni na magazetini, kwa sababu miongoni mwa waliohusishwa na Tanpower ilitajwa ANBEN, kampuni ya Rais Benjamin Mkapa na mkewe Anna, pamoja na kampuni iliyohusishwa na Daniel Yona, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini. Hatimaye mgodi ulirudi mikononi mwa serikali chini ya STAMICO. Mzee Mkapa hakufikishwa mahakamani kwa jambo hili, na alifariki Julai 2020. Hatuandiki haya kumhukumu marehemu, hesabu yake iko kwa Mola wake. Tunaandika kwa sababu kisa kinafundisha: serikali inapouza, na wakubwa wa serikali hiyo wanatajwa upande wa mnunuzi, ni nani aliyebaki kuukalia umma upande wa muuzaji?

Mwaka huo huo wa 2008 Rais Jakaya Kikwete aliliambia taifa kuwa wakati umefika wa kutenganisha biashara na uongozi, mtu achague moja. Watu walishangilia. Maneno hayo yalirudiwa, lakini mpaka anaondoka madarakani mwaka 2015 sheria ya kutenganisha haikupatikana.

Likaja sakata la Tegeta Escrow mwaka 2014. Ilibainika kuwa Profesa Anna Tibaijuka, aliyekuwa Waziri wa Ardhi, aliingiziwa shilingi bilioni 1.6 na mfanyabiashara James Rugemalira. Alieleza kuwa ulikuwa mchango kwa ajili ya shule. Rais Kikwete alitengua uwaziri wake Desemba 2014. Msomaji aliyeelewa kisa cha Ibn al-Lutbiyya hana haja ya kubishana kama shule ilijengwa au haikujengwa. Atauliza swali la mimbarini: je, angekuwa amekaa nyumbani kwa wazazi wake, fedha hizo zingemfuata?

HOJA ZA WANAOTETEA

Zipo hoja za upande wa pili, na uadilifu unatutaka tuzisikilize. Ya kwanza inasema kiongozi mwenye mali haibi kwa kuwa hana njaa. Wenzetu wa Kenya waliijaribu njia iliyo karibu na hiyo mapema. Tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilitoa ripoti mwaka 1971 na kuruhusu watumishi wa umma kumiliki biashara. Kama hoja hiyo ingekuwa sahihi, Kenya ingekuwa imepumzika na rushwa zamani. Badala yake Katiba yao ya mwaka 2010 ilibidi itenge sura nzima, ya sita, juu ya uongozi na maadili. Imeelekeza kuwa zawadi anayopewa ofisa wa dola katika shughuli ya umma ni ya Jamhuri, na imemkataza ofisa wa dola wa muda wote kushika ajira nyingine yenye kipato. Na Julai 2025 wakapata sheria maalumu ya mgongano wa maslahi. Imewachukua zaidi ya miaka hamsini kurudi kwenye swali la mimbarini.

Hoja ya pili inasema Mtume (s.a.w.) alikuwa mfanyabiashara, na Uthman na Abdurrahman ibn Awf (r.a.) walikuwa matajiri wakubwa. Ni kweli, na Uislamu haujawahi kuulaani utajiri wa halali. Lakini Mtume alifanya biashara kabla ya utume. Inasimuliwa kuwa Uthman alisema aliingia katika ukhalifa akiwa na ngamia na kondoo wengi kuliko Waarabu wote, na kwamba siku alizokuwa akizungumza amebaki na ngamia wawili wa kuendea Hija. Tuwapime viongozi wetu kwa kipimo hicho: wanaingia na kiasi gani na wanatoka na kiasi gani?

Hoja ya tatu ni ya kweli zaidi. Diwani wa kijijini hapati mshahara wa kumtosha, posho yake ni ndogo, na ana familia. Je, aache duka lake afe njaa? Jibu liko katika kisa cha Abu Bakr. Masahaba hawakumwambia aache soko na kumwacha mikono mitupu. Walimpangia riziki. Anayetaka kiongozi asiye na duka lazima akubali kumlipa. Na pale isipowezekana kumlipa, kuna jambo dogo la kufanya: mwenye duka la pembejeo asikae kwenye kamati ya vocha, mwenye kampuni ya ujenzi atoke nje wakati zabuni ya barabara inajadiliwa, na kutoka kwake kuandikwe kwenye muhtasari ambao mwananchi anaweza kuusoma.

TUANZE NA NYUMBA ZETU

Itakuwa kichekesho Waislamu tukimnyooshea kidole waziri wakati misikiti yetu na shule zetu zina ugonjwa ule ule. Mjumbe wa kamati ya ujenzi wa msikiti ndiye anayeuza saruji. Mlezi wa mali ya wakfu ndiye aliyeipangisha nyumba ya wakfu kwa shemeji yake, kwa kodi ya miaka kumi iliyopita. Meneja wa shule ya Kiislamu ndiye mzabuni wa sare. Ukiuliza unaambiwa huyu ni ndugu yetu, mcha Mungu, anatupunguzia bei. Huenda kweli anapunguza. Lakini nani aliitafuta bei nyingine ili tujue? Abu Bakr aliaminika kuliko huyu, na alitolewa sokoni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kila unapokutana na kiongozi mfanyabiashara, awe wa kata, wa wizara au wa msikiti, uliza maswali matatu. Je, nafasi hii wamepewa wote au amepewa yeye? Hilo ni swali la Umar kwa wanawe. Je, angekaa nyumbani ingemfuata? Hilo ni swali la Mtume. Na je, aliyenunua ndiye aliyeuza? Hilo halihitaji hata mwanachuoni, mkulima wa Mwazye aliyewahi kusimama mbele ya mizani ya lumbesa analijua jibu lake.

Uchaguzi wa serikali za vijiji na mitaa huja kila baada ya miaka mitano, na mikutano mikuu ya misikiti yetu hutakiwa kuwa kila mwaka. Humo ndimo maswali haya yanapotakiwa kuulizwa kwa sauti, mbele ya watu, kama yalivyoulizwa juu ya mimbari ya Madina. Anayeuliza asiitwe mfitini, na anayeulizwa asikasirike. Kama mikono yake ni safi, atafurahi kupewa nafasi ya kuiweka mizani chini au kuliweka gunia chini, kisha aendelee na kimoja.

Wabillahi tawfiq.